Kamba Saba za Mlima Lianhua

Liushugou, Gansu
27 Februari 1994

Mpwa wangu Cailing,

Kabla sijakusalimu niache nijisifu kidogo, maana kifua kimejaa na nisipokifungua kitapasuka. Mimi mjomba wako Zhai Mancang ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote wilaya hii, na bahati yenyewe imekaa pande mbili za kichwa changu. Masikio, mwanangu! Nina miaka hamsini na nane. Wenzangu wa rika huitwa mara tatu ndipo wageuke, mimi nasikia kiazi kikipasua udongo. Juzi mbuzi wa mzee Tuo alipiga chafya ng'ambo ya bonde, nikamwambia mkaza mjomba wako, "Yule mbuzi mafua yako tundu la kushoto." Hakubisha. Tangu lini mwanamke yule akaacha kubisha?

Sasa salamu. Hatujambo. Mwaka mpya tumeula vizuri, nguruwe alikuwa na mafuta ya vidole vinne. Theluji bado imelala upande wa kivuli. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua. Ile homa iliyonilaza Novemba imekwenda zake, ilikuwa homa ya kitoto tu, usiulize. Kaburi la mama yako nimelifagia, nikamwambia binti yake sasa anaimba mbele ya taa za rangi. Hakujibu, lakini hata alipokuwa hai dada yangu hakuwa mwepesi wa kusifu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema kampuni ya kaseti inataka utoe kaseti nzima ya nyimbo za maua za Mlima Lianhua, zimevishwa ngoma za umeme na kinanda, na wewe umewaambia hutii saini mpaka mjomba wako asikie na kusema ndiyo. Hapo niliinuka nikazunguka nyumba mara tatu. Umefanya vema! Ulitaka umuulize nani mwingine? Mwaka wa ishirini na sita huu mimi ni mtia maneno. Nasimama nyuma ya waimbaji wangu watatu na mwavuli wao, nasikia kundi la pili wanavyotupiga kwa swali, na kabla hawajavuta pumzi nimeshawatia wangu jibu sikioni. Nimewaliza wanawake wa wilaya nne, na nilipokuwa dereva wa lori nimewaliza hadi Lhasa. Ilete hiyo kaseti. Nitaigonga kama mhunzi anavyogonga jembe, nikuambie kama ni chuma au ni bati.

Nitapanda nayo mlimani, usiwe na wasiwasi. Maua ni nyimbo za mapenzi, hayaimbwi chini ya dari yenye mkwe, wala mbele ya ndugu wa damu. Ndiyo maana wewe hujawahi kunisikia na mimi sijawahi kukusikia, na sote tunajua kwamba ulikuwa unajificha kwenye vichaka vya mlima wa pili.

Unataka niende posta ya tarafa Jumapili unipigie simu. Simu ya posta imeharibika. Panya.

Mjomba wako,
Zhai Mancang
(darasa la tatu na nusu, lakini hiyo nusu ilikuwa ngumu)


Guangzhou
15 Machi 1994

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo na goti lako.

Mimi sijambo. Huku ni mvua, kuta zinatoka jasho, nguo zinakauka mwilini. Naimba ukumbi wa dansi siku sita kwa juma, nyimbo za Kikantoni ambazo nusu ya maneno siyaelewi, na wanaocheza nao hawasikilizi, kwa hiyo tunaheshimiana. Tangu Desemba nimehama chumba mara mbili. Sijui nina nini siku hizi. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikitoka nakumbuka nimeacha birika jikoni.

Nakutumia kaseti ya kuonja, wimbo mmoja kila upande. Upande mmoja ni ule wa kupanda maharage, ambao hata babu angesikiliza huku anakula. Upande wa pili ni wa mlimani. Sikuandika kitu juu yake, wewe utajua kwa neno la kwanza. Mpangaji wa muziki ni bwana Kuang, mtu wa huku huku. Anasema nyimbo zetu ni mbichi, zinataka sukari. Nikamwambia, "Bwana Kuang, kwetu chai tunatia sukari, watu hatuwatii." Akacheka, akaongeza sukari.

Mjomba, usinionee huruma. Kuna mahali kwenye wimbo wa mlimani pananikera, nikipasikia nataka kuvua viatu nikimbie. Kuang hapaoni. Sikuambii ni wapi. Nataka upapate mwenyewe kwa sikio lako. Ukipapata nitajua sijarukwa na akili, na nitasimama mbele ya kampuni nibishe. Usipopapata, basi ni mimi tu, nitatia saini na kunyamaza.

Panya wa posta wamekufa? Nitapiga Jumapili, tarehe 3 Aprili, saa nne asubuhi.

Mpwa wako,
Miao Cailing

Tena: mkaza mjomba mbona hakuniwekea mstari wake? Siku zote anakutajia maneno unamwandikia chini ya barua. Au ananinunia?


Liushugou
9 Aprili 1994

Mpwa wangu, nyota ya kusini,

Sisi wazima. Viazi vimeingia ardhini. Mkaza mjomba wako hakununii, ana kazi, kuku wametaga kwa fujo.

Kaseti imefika! Sasa keti chini, maana nina habari ya kukufanya urefuke shingo. Nilijiambia: kitu kizuri hivi nikisikilize peke yangu kama mwizi wa mayai? Nikaenda ofisi ya kijiji. Unamjua karani Bao, yule mwenye funguo za kipaza sauti kinachoning'inia juu ya mti. Nikamwekea karanga mezani. Akatoka nje kuzila, akaniacha na mitambo. Ilikuwa saa sita kamili, kila nyumba imekaa kwenye tambi. Nikatumbukiza kaseti, nikazungusha kile kitufe mpaka kikagoma.

Mwanangu! Kijiji kizima kilitoka nje na bakuli mkononi. Taja mwimbaji mwingine anayeweza hilo. Wakwe watatu wa mzee Tuo walichomoka mlangoni kama kuku walioona mwewe, wa mwisho kajifunika uso kwa aproni. Mzee Tuo mwenyewe akaja mbio, tambi moja bado imemning'inia kidevuni.

"Mancang! Zima! Wake za wanangu walikuwa mezani na mimi!"

"Mzee Tuo, huu ndio usasa. Guangzhou wanasikiliza na bibi zao."

"Basi wakaoe huko Guangzhou! Nitaketije tena kwenye meza ile? Nitamwambia nani anipitishie pilipili?"

"Nyoosha mkono, mzee. Pilipili haina miguu."

Akanitupia kiatu. Nikakidaka. Nilicheka mpaka mbavu zikaomba radhi. Karani Bao akaingia akachomoa waya ukutani, na watu wote wakabaki wananitazama, kimya, kwa heshima kubwa.

Na kaseti? Nzuri. Nzuri mno. Zile filimbi! Na mahali pale ulipoficha nimepapata, ila nakuachia uendelee kufikiri, ndivyo mwalimu mzuri anavyofanya. Tia saini.

Tarehe tatu sikufika posta kwa sababu ng'ombe alikuwa na miadi na dume la kijiji cha pili. Mambo hayo hayangoji simu.

Mjomba wako,
Mancang


Guangzhou
24 Aprili 1994

Mjomba, shikamoo.

Sote wazima huku. Nilikohoa juma zima, sasa nimepona. Kitambaa cha mkaza mjomba nimekinunua, cha bluu, nitakituma.

Barua yako niliisoma kwenye foleni ya maji nikacheka, watu wakanipisha. Halafu usiku mzima nikawa najigeuza. Mjomba, ulipiga upande wa mlimani. Saa sita mchana, wakwe wakiwa mezani! Wewe ndiye uliyenichapa ufito nikiwa na miaka tisa kwa kunong'ona ua moja tu zizini, babu akiwa ndani amelala. Ulisema, "Nyumba ikisikia, nyumba inabomoka." Leo umekibomoa kijiji kizima kwa mkono wako na unaniandikia unacheka?

Na filimbi gani? Hakuna filimbi. Nilimuuliza Kuang, labda alitia nyuma yangu. Akasema, "Mjomba wako anakunywa nini?"

Nimefikiri sana nikaona ni betri. Redio yako ya kaseti ni ya tangu uache lori, betri zimechoka, sauti inayumba, kila kitu kinalia kama filimbi. Na ofisini ulikosea upande kwa haraka ya karanga. Ndivyo, siyo?

Nakutumia betri nane mpya na kaseti nzima, nyimbo tisa. Iliyobaki kwangu ni moja tu, ya kampuni. Kampuni wamesema saini ni katikati ya Julai au wamtafute msichana mwingine wa kuvaa vazi la mlimani. Wapo wengi, Mjomba, na wengine hawajawahi hata kuona mlima. Nataka neno lako. Si sifa, sifa zako ninazo za kutosha mpaka nizeeke. Nataka neno.

Sikukuu ya nyimbo mlimani, ya mwezi wa sita wa kalenda yetu, mwaka huu inaangukia Julai 9. Utapanda?

Cailing

Tena: mstari wa mkaza mjomba tena haukuwemo.


Liushugou
15 Mei 1994

Cailing wangu,

Hatujambo. Mvua imekuja kwa adabu. Mkaza mjomba wako anasema anakupenda na uvae soksi. Huo hapo mstari wake, usinisumbue tena.

Ni betri! Umegundua, kichwa hicho ni cha upande wetu. Nimetia mpya, nikabeba redio mgongoni kwa mkanda kama mtoto, nikapanda mpaka kwenye ule mwamba wa juu ya shamba la mizizi ya dawa, mahali ambapo hakuna mkwe wa mtu. Nikasikiliza kaseti nzima, upande huu na upande huu.

Mwanangu, nilikaa pale mpaka chai ikaganda kwenye chupa. Wimbo wa kwanza unaingia kama bwana harusi. Wa tatu ulinitoa machozi, na mimi mara ya mwisho kulia ni lori lilipoanguka na shehena ya maziwa ya unga. Wa tano una haraka kidogo, mwambie huyo Kuang apunguze mguu. Wa tisa sina maneno, na ujue mimi kukosa maneno ni ajabu ya kuandikwa gazetini. Sauti yako imekomaa. Ni ya mama yako ila imekula vizuri zaidi.

Neno langu ni ndiyo. Mahali pale panapokukera ni woga tu, mwanangu. Ng'ombe mpya akiingia zizini kila mlango anauona mdogo.

Mlimani? Nitakosaje! Makundi manne yananigombania niwe mtia maneno wao. Wanakuja mpaka mlangoni na mayai. Nawaambia, subirini, hata mimi nina masikio mawili tu.

Nakutumia maharage makavu na mizizi ya dawa kwa kile kikohozi. Gawa na wasichana wa chumbani kwako, mizizi ni mingi, nimewapunja watu wa sokoni kwa ajili yenu.

Mjomba wako mwenye furaha,
Mancang


Guangzhou
2 Juni 1994

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Maharage tumeyala. Asante.

Mvua bado. Sijatia saini.

Cailing


Liushugou
20 Julai 1994

Mpwa wangu,

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama mkia wa sungura. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeandika huko. Tangu hapo natembea mpaka posta kila siku ya pili, kilomita sita kwenda, sita kurudi, soli ya kiatu imeniaga. Karani wa posta akiniona mbali anatikisa kichwa kabla sijafika. Umekasirika? Unaumwa? Umeolewa? Ukiolewa bila kuniambia nitakuja na gari moshi siku mbili nimpige huyo mtu, halafu nimkumbatie.

Acha nikuchangamshe kwa habari za mlimani. Nilipanda! Shati jeupe, kofia mpya ya majani, chai kwenye chupa. Na kamba, Cailing, kamba! Mwaka huu wamefunga njia kama wendawazimu. Kila penye kona wasichana wamesokota kamba ya nyasi, mmoja huku mmoja kule, na huna pa kupita mpaka uimbe. Watu wengine wanasimamishwa mara mbili, tatu. Mjomba wako? Kamba saba! Neno lilikuwa limepanda mbele yangu kwamba Mancang anakuja.

Kamba ya kwanza walikuwa wanawake wa bonde la chini, vidomo vimechongoka. Mmoja mwenye kitambaa chekundu akaanza:

*Kamba ni ya nyasi, kisu hakiikati;
mwenye wimbo apite, asiye nao aketi.*

Naandika maneno ya kamba tu, hayo hayana aibu kwa mpwa. Nikamjibu papo hapo, hata chai sijaiweka chini:

*Nikiketi nitaota mizizi, nami sitaki kukua;
inua kamba, dada, nimebeba gunia la maua.*

Wakapiga kelele! "Huyo ndiye! Huyo ndiye!" Yule mwenye kitambaa chekundu akasema, "Baba, ulimi huo umeunoa kwa jiwe gani?" Nikamwambia, "Kwa mke, miaka thelathini." Kamba ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, kufika ya saba nilikuwa nimelewa bila pombe. Kileleni nilifika siku ya tatu.

Sasa niambie. Umetia saini? Hapo nyuma nilikupa neno.

Mjomba wako asiye na raha,
Mancang


Guangzhou
3 Agosti 1994

Mjomba, shikamoo.

Mimi si mgonjwa, sijaolewa, na hasira nilizokuwa nazo zimekwisha njiani, zilikuwa safari ya siku mbili kwa gari moshi na moja kwa basi.

Nikuambie mambo mawili, halafu utaniambia lako.

La kwanza ni kaseti ya Aprili. Jioni ile ile niliyoituma nilifungua mkoba nikakuta ile yenye nyimbo tisa niliyokusudia kukutumia bado imo. Nilikuwa nimekutumia tupu, ile ninayofanyia mazoezi, niliyoifuta yote siku hiyo. Haikuwa na kitu, Mjomba. Hata mkwaruzo. Nilitaka kukuandikia, nikasema hapana, acha aandike yeye kwanza, atanitukana matusi ya lori ambayo sijayasikia tangu niondoke nyumbani. Nilingoja matusi yako kama watu wanavyongoja mvua. Ikaja barua: wa tatu ulikutoa machozi, wa tano una haraka.

Niliisoma nimesimama. Sikuketi siku nzima.

La pili ni kwamba nilikuwepo mlimani. Nilikuwa kwenye kamba ya kwanza, hatua kumi kutoka kwako, nyuma ya mwavuli wa manjano. Niliona shati jeupe. Niliona kofia mpya. Niliona yote. Sikutoka, kwa sababu pale palikuwa panaimbwa maua na wewe ni mjomba wangu, na mpwa hana ruhusa ya kusimama hapo. Hiyo ndiyo sababu ninayojiambia.

Nilichokiona sikiandiki. Ni chako. Kiandike wewe.

Mkaza mjomba nilimkuta chini anauza mayai. Nilimpa kaseti ya kweli nikamwapisha asikupe mpaka barua hii ifike. Alilia, akaniambia nivae soksi. Kwa hiyo ule mstari angalau ulikuwa wake.

Kampuni wamenisogezea mpaka mwisho wa Agosti. Ni mara ya mwisho. Bado nangoja neno lako, Mjomba. Lako, si la yule mtu mwenye kamba saba.

Cailing


Liushugou
14 Agosti 1994

Cailing,

Leo sianzi na salamu, utanisamehe. Nilianza barua hii mara tano. Nne zimekuwa za kuwashia jiko.

Kamba ilikuwa moja. Nilifika pale, kamba ikaja kifuani, yule mwanamke wa kitambaa chekundu akafungua mdomo. Niliona meno yake yote. Nikatabasamu. Akafunga mdomo, wakanitazama, nikajua ni zamu yangu, lakini zamu ya kujibu nini? Swali lenyewe sikulijua. Mtia maneno asiye na swali ni mtu aliyesimama njiani tu. Nikazidi kutabasamu. Akaimba tena, safari hii kwa kunisogelea. Wasichana wakacheka. Halafu mwanamke mmoja mzee akamgusa mwenzake begani, akaonyesha sikio lake kwa kidole. Kicheko kikakatika kama umekikanyaga. Wakainua kamba, juu, juu kabisa, kama wanavyompisha ng'ombe, nikapita chini yake nimeinama. Hakuna aliyewahi kupita kamba ya mlima ule bila kuimba. Nikashuka upande wa pili nikaja nyumbani. Kilele sikukiona. Ule wimbo niliokuandikia niliutunga njiani nikirudi, na maneno ya yule mwanamke pia. Hata ya mzee Tuo siku ile ya tambi niliyatunga mimi. Niliona midomo ikicheza na kiatu kikija. Kiatu ndicho kilikuwa cha kweli. Upande wa kaseti sikuuchagua. Nilizungusha kitufe nikitafuta sauti, sikuiona sauti, nikazungusha tena mpaka mwisho.

Sasa kaseti yako ya kweli. Mkaza mjomba wako alinipa siku barua ilipofika, akairusha mapajani kwangu kama mtu anayerudisha posa. Nikapanda nayo kwenye mwamba. Nikaiwasha, nikaweka kiganja juu ya boksi la redio pale sauti inapotokea. Kwanza nilihisi ujinga. Halafu ikaanza kunitembelea mkononi. Ngoma naijua kwa mfupa huu wa kidole gumba. Wewe nakujua hapa katikati, unapopanda kiganja kinawasha. Nimeisikiliza, kama ruhusa ipo ya kuita hivyo, siku sita. Betri zako nane zimekwisha, nikauza jogoo nikanunua nyingine, mkaza mjomba wako hajui, anadhani ni mbweha.

Nimepapata mahali penyewe. Safari hii kweli. Wimbo wa pili, ule wa mlimani, swali linaisha na ngoma haisimami. Inatembea, inatembea, imekatiza bonde bila kungoja. Nilitafuta kwa kiganja pale watu wanaposhika pumzi ili mlima wa pili ujibu. Hapapo. Kuang wako amelikata jibu, akaweka ngoma juu ya shimo. Ua letu si wimbo wa mtu mmoja, Cailing. Ni mtu anauliza, halafu ananyamaza, na ule unyamavu ndio wimbo. Ndipo panapokukera, siyo? Basi hujarukwa na akili. Usitie saini mpaka wasimamishe ngoma, pumzi tatu, na mtu ajibu. Wakikataa, waende na msichana wao asiyeona mlima, na wewe uje tule viazi.

Swali la wimbo ule ni langu. Nililitunga miaka kumi na tano iliyopita, waimbaji wangu wakalipeleka, na lilirudi na majibu mia. Naliandika hapa, aibu yake naibeba mimi. Barua si dari, na mzee Tuo hasomi.

*Nimeita ng'ambo, bonde limenyamaza;
washa hata jani moja, nijue umesikiliza.*

Jibu la zamani wamelikata, waache nalo. Nakupa jipya, la leo asubuhi:

*Sikununa, sikulala, ni sikio limejifunga;
ita tena, kiganja changu mlimani kinachunga.*

Mwimbaji wa jibu mtafute mzee, mwanamume, sauti isiwe na sukari. Na ukiwa na swali jingine liandike kwenye karatasi, nitakujibu. Mlimani nilikuwa na pumzi moja ya kufikiri, kwenye barua nina siku kumi. Nimekuwa tajiri.

Mkaza mjomba wako amekaa karibu, ananivuta mkono wa shati. Nimempa kalamu. Hajui kuandika lakini ameonyesha kwa vidole kwamba ataweka alama yake. Hii hapa: O. Nadhani ni yai.

Sasa ile bahati niliyojisifia mwezi wa pili. Homa ya Novemba ilipoondoka iliondoka na masikio yote mawili, asubuhi moja, kama mtu aliyekuja kuazima ngazi. Simu ya posta ni nzima. Sikukuambia kwa sababu ulisema hutii saini mpaka mjomba wako asikie, nikaona nikikwambia ukweli utamtafuta mjomba mwingine. Ni uongo, Cailing. Sisikii kitu. Na mzee Tuo hajawahi kufuga mbuzi.

Mancang